Kujenga uwanja wa makaburi ya askari: kuanzia daftari la majina hadi jiwe la mwisho

Kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ndani ya jiji la Dar es Salaam, upo uwanja wa makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ambao kila anayekusudia kujenga uwanja kama huo angefaa autembelee kwanza, kabla hajamwita mpima ardhi wala hajaulizia bei ya saruji. Uwanja huo ulianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 yaliyokuwa Ocean Road yalipolazimika kuhamishwa ili kupisha barabara mpya. Waliokuwa na alama kaburini walipata tena kila mtu mahali pake na jiwe lake. Lakini katika sehemu walikozikwa Waafrika Wakristo, Waislamu, na wale wasio wa dini hizo, makaburi hayakuwa yamewekewa alama moja moja, kwa hiyo mabaki yao yalizikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja likisimamishiwa ukuta wa kumbukumbu. Mafundi wa 1968 hawakuwa na la kufanya. Kosa lilikuwa limefanyika nusu karne nyuma yao, siku ambayo mtu fulani aliona kwamba sehemu ile haihitaji vibao.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kamati nyingi hugeuza mpangilio wa kazi hii. Kikao cha kwanza hujadili mnara, cha pili hujadili rangi ya marumaru, na majina huja kukusanywa wiki mbili kabla ya mgeni rasmi kufika. Maelekezo haya, ambayo nimeyaandika kwa ajili ya kamati za wilaya, vikosi, na vyama vya askari wastaafu, yanakwenda kinyume chake: daftari kwanza, kisha udongo na maji, kisha mistari, na jiwe linakuja mwishoni kabisa.

Daftari kabla ya jembe

Fungua daftari lenye kurasa ngumu, na nakala yake kwenye kompyuta, lenye nafasi ya namba ya jeshi, cheo, majina yote matatu, kikosi, tarehe ya kufariki, umri, dini, ndugu wa karibu, na mahali taarifa hiyo ilikotoka. Jina liandikwe mara mbili: kama lilivyo kwenye karatasi za jeshi, na kama familia yenyewe inavyoliandika. Usidharau nafasi ya namba ya jeshi ukidhani ni urasimu mtupu. Katika kazi moja niliyowahi kuisimamia, majina yalisomwa kwa simu na karani akayaandika kwa kuyasikia, na katika orodha hiyo mlikuwa na Athumani Juma na Othman Juma, wote wa kikosi kimoja, wamekufa juma moja. Tulichonga mawe mawili. Mjane alipofika siku ya kukagua, alisimama baina ya mawe hayo akauliza kwa upole ni lipi la mume wake, kwa kuwa yote mawili yalikuwa yake. Namba moja ya jeshi ingetuokoa na aibu ile, na jiwe la pili lilitugharimu pia kulivunja.

Swali zito zaidi ni nani anaingia katika daftari. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake, iliyoundwa Mei 1917 kwa juhudi za Fabian Ware, ilipokea mwaka 1918 mapendekezo ya Frederic Kenyon ambayo bado ndiyo msingi wa viwanja vingi vya namna hii duniani: mawe yawe ya umbo moja, bila kutofautisha jenerali na askari wa kawaida, tajiri na maskini. Ni kanuni nzuri sana, na kwa sehemu kubwa ya Ulaya ilifuatwa. Kwa Afrika Mashariki haikufuatwa. Ripoti ambayo tume hiyo yenyewe iliitoa Aprili 2021, ikiambatana na kuomba radhi, ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi yanayoahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu hiyo pande zote nne uone kama utapata jina hata moja.

Kwa hiyo kamati iamue mapema, na iandike katika muhtasari wa kikao, kwamba madereva, wapishi, wauguzi, wabeba mizigo na mgambo wamo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa na wanajeshi, polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo kwa pamoja, na haitapendeza mistari ya makaburi ianze kuwabagua. Uamuzi huu hauna gharama yoyote ukifanywa kwenye karatasi. Ukifanywa baada ya zege kukauka, unamaanisha kuongeza mstari wa pembeni ambao kila mgeni ataujua kuwa ni wa walioongezwa.

Udongo na maji

Chagua mahali penye mwinuko mdogo, palipo na njia ya gari ipitikayo masika, na pasipo na mgogoro wa ardhi. Pata hati na ramani ya upimaji, na umhusishe afisa afya wa halmashauri tangu mwanzo, hasa kuhusu visima vya jirani. Ikiwa mahali hapo yamo makaburi ya zamani, au unakusudia kuhamishia mabaki kutoka kwingine, fahamu kwamba Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na kwamba kwa familia za Kiislamu kufukua kaburi ni jambo zito ambalo mashekhe wataliruhusu kwa dharura tu. Usilipeleke kwao kama taarifa. Lipeleke kama swali.

Chimba mashimo ya majaribio yasiyopungua matano, moja katikati na manne pembeni, yenye kina cha mita mbili na nusu, na uyachimbe wakati wa masika, si kiangazi. Shimo la Septemba hudanganya. Likikaa siku mbili bila kutuamisha maji chini, mahali hapo panafaa. Yakionekana maji kwa kina cha mita mbili, hama, maana hakuna mfereji utakaokuokoa. Angalia pia aina ya udongo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, ndio adui mkubwa wa mawe yaliyosimama. Mahali ambapo ardhi haitulii namna hiyo, wajenzi wa makaburi ya kivita wameacha mawe marefu wakaweka vibao vilivyolala juu ya matofali mafupi ya zege, kama walivyofanya Gallipoli nchini Uturuki. Si unyonge kufanya hivyo. Kibao kilicholala vizuri kina heshima kuliko jiwe lililoinama.

Mifereji ichimbwe kabla ya kaburi la kwanza. Uwanja upewe mtelemko wa sentimita moja kwa kila mita, kutoka katikati kwenda pembeni, na mfereji wa juu uzuie maji ya jirani yasiingie. Fundi akikuambia kwamba maji yatajitafutia njia, mjibu kwamba ni kweli, na njia hiyo itapita katika makaburi, kwa sababu udongo uliokwisha kuchimbwa ni laini kuliko mwingine wote.

Ukubwa wa eneo na mwelekeo wa makaburi

Tuchukue mfano wa makaburi 100. Kaburi moja huchukua urefu wa mita 2.3 na upana wa sentimita 90, na kati ya katikati ya kaburi moja na katikati ya linalofuata huwa naacha mita 1.5. Kutoka mstari hadi mstari naacha mita 3.5: nusu mita ya ardhi isiyochimbwa upande wa kichwani, mita 2.3 za kaburi, na sentimita 70 za kupita watu. Mistari mitano ya makaburi ishirini ishirini inatoa basi eneo la mita 30 kwa 17.5. Ongeza njia ya katikati ya mita tatu, ukingo wa mita tano kila upande, na uwanja wa gwaride wa mita 15 mbele, na utapata mraba wa karibu mita 43 kila upande, ambao haufiki nusu eka. Watu hushangaa kuona udogo wake. Ushauri wangu ni kuchukua eka nzima, si kwa ajili ya ufahari, bali kwa sababu majina yanayopatikana baadaye ni mengi kuliko kamati inavyodhani.

Mwelekeo ndio unaohitaji akili. Dar es Salaam iko karibu kabisa kusini mwa Makka, kwa hiyo kibla hapa ni kaskazini. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, maana yake kichwa chake kinakuwa mashariki na miguu magharibi. Desturi ya zamani ya Kikristo hulaza kichwa magharibi na miguu mashariki, ili uso utazame jua linakochomoza. Makaburi ya dini zote mbili yatalala basi kwenye msitari mmoja wa mashariki na magharibi, lakini vichwa vitapingana, na asiyeliona hilo mapema atajikuta ameweka jiwe la Mwislamu miguuni mwake.

Utatuzi wake ni mwepesi ukiuchora kwanza. Mistari ya mawe iende kutoka kaskazini hadi kusini. Nusu moja ya uwanja iwe kitalu cha Waislamu, ambamo kila kaburi linanyooka kutoka kwenye jiwe kuelekea magharibi. Nusu ya pili iwe ya Wakristo, ambamo kaburi linanyooka kutoka kwenye jiwe kuelekea mashariki. Mawe yote yatakaa kwenye mstari ule ule, na mgeni anayesimama langoni ataona safu moja iliyonyooka, ilhali chini ya ardhi kila mtu amelazwa kwa kufuata dini yake. Katika kitalu cha Waislamu ongeza nafasi kati ya makaburi ifike mita 1.8, kwa sababu mwanandani, yaani shimo la ndani analolazwa maiti, huchimbwa ubavuni upande wa kibla na huingia chini ya ardhi ya jirani. Ukiwa mbali na pwani, pima kibla upya. Usinakili cha Dar es Salaam ukakipeleka Kigoma. Wahindu na Masingasinga, ambao huchoma maiti, hawahitaji kaburi bali jina kwenye ukuta, na hii ndiyo sababu kumbukumbu za askari wa Kihindi wa vita vile mara nyingi ni kuta.

Kila kaburi lipewe anwani ya sehemu tatu: kitalu kwa namba ya Kirumi, mstari kwa herufi, na kaburi kwa tarakimu, kwa mfano II. B. 14. Anwani hiyo iandikwe katika daftari siku ile ile ya kuzika.

Kuvuta uzi

Hapa ndipo uzuri wa uwanja unapopatikana au kupotea. Anza na mstari mmoja wa msingi, ule wa mbele, ufungwe kwenye vigingi viwili vya chuma vilivyozungushiwa zege ili visiguswe hadi mwisho wa kazi. Pembe ya mraba itafutwe kwa pembetatu ya mita 6, 8 na 10. Ile ndogo ya 3, 4 na 5 inatosha kwa chumba cha kulala, si kwa mita 30. Ukimaliza kuweka pembe zote nne, pima mishazari. Kwa eneo letu la mita 30 kwa 17.5 kila mshazari uwe mita 34.73, na tofauti kati ya huu na ule isizidi sentimita mbili. Ikizidi, usirekebishe kigingi kimoja kwa kukisia, rudi mwanzo.

Kosa ninaloliona kila mara ni la kupima kaburi hadi kaburi kwa utepe mfupi. Kijana anaweka alama, anahamisha utepe, anaweka alama nyingine, na kila anapohamisha anapoteza sentimita moja asiyoiona. Mwisho wa mstari wa makaburi ishirini amepotea karibu sentimita ishirini, na mstari wa pili umepotea kwa namna yake, kwa hiyo mawe hayalingani tena ukiyatazama kwa mshazari. Weka utepe mrefu sifuri yake kwenye kigingi cha kwanza, uuvute hadi mwisho, na usome alama zote bila kuuinua: 1.5, 3.0, 4.5, na kuendelea. Ulegevu wa utepe siku ya joto nao una madhara, basi pima asubuhi.

Safu zilizonyooka pande tatu, yaani mbele, ubavuni na kwa mshazari, ndizo zinazomfanya mtu apunguze sauti akiingia. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini nimeiona kwa watoto wa shule waliofika wakipiga kelele.

Boriti isiyoonekana

Udongo uliorudishwa kaburini huendelea kushuka kwa mwaka mmoja au miwili. Jiwe lililosimamishwa juu ya udongo huo litashuka nao, tena halitashuka sawa. Makaburi ya kijeshi ya Marekani, kama Arlington, hutumia jiwe la marumaru lenye urefu wa karibu mita 1.07 ambalo sehemu yake ya chini imezikwa ardhini, na linaposhuka husimamishwa upya na watumishi waliopo kila siku. Wilaya yako haina watumishi hao. Fuata basi njia ya tume ya Waingereza, ambayo katika sehemu nyingi husimamisha mawe ya mstari mzima katika boriti moja ya zege iliyofichwa chini ya nyasi.

Boriti hiyo ikae kwenye ile nusu mita ya ardhi isiyochimbwa, kichwani mwa makaburi, na isiguse udongo uliojazwa. Mimi huijenga upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 30, nondo nne za milimita 12 zikifungwa kwa pete kila sentimita 20, na zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Pwani, ambako chumvi hula chuma, nondo zifunikwe na zege la sentimita tano kila upande, na mchanga usitoke ufukweni hata kama dereva wa lori ataapa kwamba umeoshwa. Kila mita kumi acha mwanya wa sentimita mbili ili zege lipate pa kupanukia. Kabla ya kumwaga, panga visanduku vya mbao vya sentimita 42 kwa 10, kina chake sentimita 20, kila kimoja mahali pa jiwe. Visanduku hivyo ndivyo vinavyoacha matundu ya kusimamishia mawe. Chini ya kila tundu pawe na kitobo cha kutolea maji. Tundu lisilo na kitobo huwa kikombe, na jiwe linalosimama kwenye kikombe cha maji huota ukungu hadi kiunoni.

Uso wa juu wa boriti uwe sentimita nane chini ya usawa wa ardhi, ili nyasi na maua viote juu yake pasijulikane kwamba kuna kitu. Mwagilia zege kwa siku saba. Wakati huo wote makaburi yawe na alama za muda, vibao vya mbao vyenye bati lililochorwa jina na namba, kwa maana hata makaburi mashuhuri ya Ufaransa yalikaa na misalaba ya mbao kwa miaka kabla ya mawe kufika. Kama maziko ni mapya, acha masika moja ipite, ikiwezekana mbili. Kamati zenye haraka ya sherehe hulipinga sana hili, na mara nyingi hushinda, na mara nyingi hurudi.

Jiwe na maandishi yake

Vipimo vya jiwe la tume ni sentimita 81 juu ya ardhi, upana 38 na unene 7.6, kilele chake kikiwa kimepindwa kidogo ili maji ya mvua yateleze. Ni vipimo vilivyofikiriwa, na sioni sababu ya kuvibadili; ukiongeza sehemu inayoingia ardhini na kwenye boriti, jiwe zima liwe na urefu wa karibu sentimita 110. Jiwe jeupe la chokaa waliloleta kutoka Portland huko Uingereza huchongeka vizuri lakini huota ukungu mahali penye unyevu. Matale ya kwetu huishi zaidi, ila huhitaji mchongaji mwenye mashine na subira. Tarazo ni ya bei nafuu na mafundi wake wako kila mji, lakini herufi zake zisichorwe kwa rangi. Zichongwe, au hazitafika miaka kumi. Vibao vya shaba nyeusi vinapendeza sana hadi usiku wanunuzi wa vyuma chakavu watakapovigundua.

Mpangilio wa kawaida ni nembo ya kikosi juu, kisha namba na cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufariki na umri, alama ya dini ikiwa familia inaitaka, na chini kabisa maneno ya familia yenyewe. Tume iliziwekea familia kikomo cha herufi 66 kwa maneno hayo, na kikomo hicho, japo kinaonekana kigumu, kinasaidia. Sentensi fupi ya mama hugusa kuliko beti tatu. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wamezoea mashahidi wawili wa kaburi, kichwani na miguuni, unaweza kuruhusu jiwe dogo la miguuni lisilo na maandishi, mradi wote wapewe.

Kabla ya kuchonga, chapisha kila jiwe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uwape ndugu walisome, na watie sahihi au dole gumba. Herufi za jina zisiwe chini ya sentimita tatu na nusu, na zichongwe kwa mkato wa pembe kali ili kivuli cha jua kizisome hata rangi isipokuwapo. Kwa asiyetambulika, andika kile kinachojulikana, cheo au kikosi au tarehe, wala usiache jiwe tupu.

Unaposimamisha, weka jiwe la kwanza na la mwisho la mstari kwanza, kwa timazi na pimamaji, kisha vuta nyuzi mbili kati yake, moja kwenye kilele na nyingine kwenye uso, na ujaze ya katikati. Shindilia tundu kwa chokaa na mchanga vyenye saruji kidogo tu. Jiwe litakapovunjika, na siku moja litavunjika, fundi alitoe kwa patasi bila kuiumiza boriti. Ukaguzi wa mwisho ufanywe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa chini. Kivuli kirefu hufichua jiwe lililopinda nusu sentimita, ambalo pimamaji lililipitisha.

Uwanja wa gwaride, mnara na ukuta wa majina

Wasanifu wa zamani walikuwa na vitu viwili: msalaba wa Reginald Blomfield wenye upanga wa shaba, uliowekwa katika viwanja vyenye makaburi 40 au zaidi, na jiwe la ukumbusho la Edwin Lutyens, lenye urefu wa mita tatu na nusu na uzito wa karibu tani kumi, kwa vile vyenye zaidi ya 1,000. Lutyens alikusudia jiwe lake lisiwe na alama ya dini yoyote, na kwa nchi zetu zenye dini nyingi mawazo yake ndiyo ninayoyapendelea: umbo moja zito, la chini, lisilobagua, likiwa mwisho wa njia ya katikati.

Lakini usinakili bila kufikiri desturi za hapa. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nchini Tanzania huwekwa mnarani mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mishale, pamoja na shada la maua. Michoro niliyowahi kuletewa ilikuwa na ngazi za sentimita 25, zinazotosha shada tu, na juu yake ukuta mtelezi wa marumaru usio na pa kuegemeza mkuki. Pima ngao halisi. Ngazi ya kuwekea iwe na upana wa sentimita 60, na ukuta uwe na mfuo mdogo wa kushikia silaha zisianguke mbele ya gwaride. Sakafu ya mbele iwe ya mawe yasiyoteleza, na mlingoti wa bendera usimame mahali ambapo mpiga tarumbeta hataangaliana na jua saa tatu asubuhi. Viti na kivuli vipangwe kwa ajili ya wazee na wajane kwanza.

Ukuta wa wasio na kaburi linalojulikana ujengwe pembeni, majina yakipangwa kwa vikosi, ndani ya kikosi kwa vyeo, kisha kwa alfabeti. Amueni kama alfabeti itafuata jina la kwanza au la ukoo, na mwandike uamuzi huo ukutani. Kwetu watu wengi watamtafuta marehemu kwa jina lake la kwanza. Mstari wa chini usiwe chini ya sentimita 50 kutoka sakafuni, na wa juu usizidi mita mbili, kwa sababu watu hugusa jina kwa kidole. Acheni ubao mmoja mzima mtupu kwa majina yatakayopatikana.

Nyasi, maua na utunzaji

Panda ukoka, ukatwe mfupi. Mbele ya kila mstari wa mawe weka kitalu chembamba cha maua mafupi, upana wa sentimita 45, kwa pambo na pia ili tone la mvua lisirushe tope kwenye maandishi. Mahali pakame tumia kokoto badala ya kung'ang'ania nyasi zinazokufa. Miti ya kivuli ikae mita nane au zaidi kutoka kwenye boriti. Mwarobaini unafaa, na mvinje upendwao pwani uwe kwenye uzio tu.

Mashine ya kufyekea yenye uzi haitakiwi kukaribia mawe, kwani ndani ya miaka michache hukata mfereji chini ya kila moja. Sehemu hiyo ikatwe kwa mkasi. Mawe yaoshwe kwa maji na brashi laini, bila tindikali, bila brashi ya waya, na bila kupakwa chokaa hata mgeni rasmi awe nani. Panga ukaguzi mkubwa kila Juni, masika ikiwa imekwisha na Julai haijafika, ukipita na timazi mstari kwa mstari na kujaza udongo pale makaburi yaliposhuka.

Langoni, ukutani, jenga kisanduku chenye mlango wa chuma na mfuniko usiopitisha mvua. Ndani yake iwemo nakala ya daftari, ramani ya vitalu, na kitabu cha wageni chenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nakala ya pili ikae halmashauri na ya tatu kikosini. Mtunzaji afundishwe kufanya jambo moja hata bila kuulizwa: mtu akifika langoni na jina tu, alitafute daftarini, asome anwani, II. B. 14, na atembee naye hadi pale.